Kumchagulia LaRue Nyundo

Shemeji yangu Thayne Lofgren alijenga nusu ya nyumba za bonde letu hapa Idaho, Marekani, lakini yeye na dada yangu Ardith waliishi miaka yote hiyo katika nyumba ya bati yenye magurudumu, ambayo upepo wa Februari ukiipiga vikombe hugongana kabatini. Dada yangu hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa tu akivihamisha vikombe vile na kuviweka sakafuni kila upepo ulipoanza. Thayne alipopita miaka hamsini alinunua kiwanja kando ya mfereji wa kumwagilia viazi, akamwambia mkewe kwamba sasa ni zamu yao. Mwaka huo ulikuwa 1986, na theluji ilipoyeyuka tu, tukaanza.

Mimi na Thayne tulikuwa tumefanya kazi pamoja tangu alipomposa Ardith. Kazi yetu ilikuwa kusimamisha kiunzi cha nyumba: mbao za kuta, boriti za sakafu, kenchi za paa, yaani mifupa yote kabla ngozi haijavikwa. Mafundi wengine walikuwa wameshahamia mashine za upepo zinazotema misumari. Thayne alizichukia. Alisema zina kelele za mtu anayegombana na mkewe, na kwamba msumari usioupiga mwenyewe huwezi kujua kama umeshika. Yeye msumari wa inchi tatu na nusu aliupiga pigo moja dogo la kuusimamisha, kisha mawili makubwa, basi, umezama. Nilikuwa naweza kumtambua kwa mlio tu, hata tukiwa na mafundi wengine kwenye jengo.

Kwa hiyo misumari ilipoanza kumpinda, niliona mara moja. Tulikuwa kwenye ukuta wa kwanza, upande wa mferejini. Mmoja ulipinda, akaung'oa. Mwingine ukapinda. Kufikia wakati wa chakula, chini ya miguu yake kulikuwa na misumari mingi iliyokunjika, nami nikamchokoza kama kawaida yetu.

"Shemeji, umehamia kilimo? Naona mazao yako yote yameinama."

Akacheka, akasema misumari ya siku hizi imetengenezwa kwa siagi. Kesho yake akasema tatizo ni mpini, akakaa na msasa akiusugua mpaka ukang'aa. Baadaye akaniambia amegundua: nyundo yake imekuwa nyepesi. Nilimtazama nikidhani ni utani, lakini alikuwa amekaza uso. Akanieleza, kana kwamba mimi ni mgeni wa kazi, kwamba nyundo nzito hujipiga yenyewe, wewe unainyanyua tu na uzito wake unamaliza shughuli. Alitaka nzito kuliko zote, ya mpini mrefu.

Basi tukaenda dukani kwa Bi. Ostby.

Bi. Ostby alikuwa mjane aliyeachiwa duka la vifaa na mumewe, na aliliendesha vizuri kuliko marehemu. Nyundo alizitundika ukutani zikifuatana kwa uzito, kuanzia zile za kutundikia picha hadi zile za kazi yetu, zenye makucha yaliyonyooka na uso uliochorwa miraba midogo ili usiteleze kichwani mwa msumari. Nje ya mlango aliweka gogo la msonobari. Mtu akitaka nyundo huitoa nje, hupewa misumari, huijaribu. Mzee Orval Tibbets, mkulima aliyewaachia wanawe mashamba, alikaa hapo benchini siku nzima na chupa yake ya soda, akitoa maoni bila kuulizwa.

Thayne alianza na nyundo ya wakia ishirini na mbili, akaizungusha kidogo hewani, akairudisha. Akachukua ya ishirini na nane, akaipima mkononi, akaisogeza mbele na nyuma mpaka akapata mahali inapotulia. Mwishowe akaishusha ile kubwa ya wakia thelathini na mbili.

"Hiyo ya kuulia ng'ombe," Orval akasema.

"Walete basi," Thayne akamjibu. "Tutaanza na yule anayekaa benchini."

Orval alicheka mpaka soda ikampalia. Thayne akausimamisha msumari kwenye gogo, akanyanyua nyundo. Pigo la kwanza lilikwenda sawa. La pili likaugonga msumari ubavuni, ukaruka hadi barabarani. Akachukua mwingine. Huo alipoupiga niliona nyundo ikimgeukia mkononi, kama mtu aliyeshika samaki hai. Akasimama kidogo. Kisha akaushika mpini kwa mikono miwili, kama anayepasua kuni, akapiga, ukazama.

Orval aliishusha chupa yake. Bi. Ostby alinitazama mimi, kisha akayatazama mapipa ya mbolea pale mlangoni. Thayne alikuwa ameinyoosha mikono juani akijikung'uta, na hapo nikaona mkono wake wa kulia vizuri. Ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo kwa fundi wa nyundo hujaa na kuwa ngumu, ilikuwa imeingia ndani. Palikuwa na bonde.

"Hii hapa," akasema. "Nifungie hii."

Jioni ile nilimwendea Ardith alipokuwa bustanini, nikamwambia nilichokiona. Hakushtuka. Alisema tangu Pasaka yeye ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Alikuwa amemwomba aende kwa daktari, akamwomba tena, akanuna, akalia, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: tukishaezeka paa. Aliniomba nizungumze naye mimi. Nilizungumza naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikumbusha kwamba nimeacha msumeno nje na umande utauharibu.

Tuliendelea. Nyundo kubwa ilimsaidia kwa muda mfupi, au alijisemea hivyo. Kisha asubuhi moja alikuwa juu ya ukuta, amekaa amepanua miguu kwenye boriti, nami nikiwa chini yake nashikilia ubao. Nilisikia kitu kikipita karibu na sikio langu. Nyundo ilianguka kando ya buti yangu, makucha yakazama udongoni. Nilipotazama juu, Thayne alikuwa bado ameunyanyua mkono, akikitazama kiganja chake kilichobaki wazi.

"Merrill," aliniita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Sikuiachia."

Nikamwambia najua.

"Sikuiachia mimi," akarudia, na kwa mara ya kwanza nikasikia hofu katika sauti ya mtu yule.

Alikubali kwenda kwa daktari. Yule wa mjini akampeleka kwa wakubwa zake Salt Lake, jimbo la jirani, nao wakampima mishipa kwa sindano na nyaya. Walimwambia ana ugonjwa unaoiua mishipa inayopeleka amri kwenye misuli. Utaanza mikononi, uje miguuni, uje kwenye ulimi, na mwisho kwenye pumzi. Aliuliza kama kuna dawa. Hakuna. Aliuliza kama kuna upasuaji, mazoezi, chochote kigumu ambacho mtu anaweza kujitahidi akakifanya, maana kujitahidi alikuwa anakujua. Hakuna. Ardith alinisimulia kwamba walipovuka mpaka na kuingia Idaho, Thayne alisema zile kenchi za paa inabidi ziagizwe wiki hiyo hiyo.

Habari zilienea kanisani. Wazee walikuja kumpaka mafuta na kumwekea mikono kichwani, akakaa kitini ameyatoa macho, hakuyafumba kama wengine. Akina mama walileta viazi vya kuoka na jibini mpaka friji haikufunga. Na Jumamosi wanaume walikuja kujenga, wengi, wakiwa na nguvu na nia njema, wakasimamisha kuta zote zilizobaki isipokuwa mmoja wa sebuleni. Thayne alizunguka katikati yao mikono ikining'inia, akiwaambia hiki kimepinda, kile hakijafika. Baadaye alinong'ona kwangu kwamba nusu ya misumari ile ameiona ikipigwa hewani, na hana mkono wa kuirudia. Lakini Septemba viazi viliiva, na katika bonde letu viazi vikiiva hakuna mtu mwenye mkono wa kumpa jirani. Nikabaki peke yangu na nyumba isiyo na paa.

Hapo ndipo LaRue alipoacha kazi. LaRue ni binti yao wa pekee, wakati ule alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa akiendesha lori la viazi kutoka mashambani hadi ghalani, na msimu wa mavuno ndio ulikuwa msimu wake. Alikuja na lori tupu mpaka kiwanjani, akashuka, akamwambia baba yake kwamba amerudisha kazi ya watu na kesho ataanza hapa. Thayne alikasirika. Ulimi wake ulikuwa umeshaanza kuwa mzito, maneno yakitoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini hasira ilieleweka. Alisema useremala haujifunzwi kwa kuhurumia watu.

"Sikuhurumii," LaRue akasema. "Nataka mama ahame kwenye lile bati kabla ya Februari. Wewe ukitaka, hama naye."

Thayne akasema kitu, akakirudia tulipomwomba, nacho kilikuwa kwamba hawezi kujifunza kwa nyundo ile kubwa, itamvunja kiwiko. Lazima apate yake. Na ataichagua yeye, Thayne.

Nilimwona dada yangu, aliyekuwa ametuletea chakula, akigeuka upande. Ilikuwa imepita miezi bila mumewe kutaka kitu chochote.

Tulikwenda watu watatu kwenye pikapu, LaRue akiendesha, Thayne katikati ili asianguke pembeni. Safari hiyo hakuweza kushuka. Miguu ilikuwa bado inamchukua ndani ya nyumba, akiwa na fimbo, lakini ngazi ya duka ilikuwa juu. Bi. Ostby alituona kupitia dirishani, akatoka. Hakuuliza mengi. Aliinamia lile gogo, akaliviringisha yeye mwenyewe hadi karibu na mlango wa gari, mimi na LaRue tukamhamisha Thayne akae upande wa dirisha. Kisha Bi. Ostby akaleta nyundo, amezikumbatia kifuani kama kuni, akazipanga kwenye bodi ya pikapu. Orval Tibbets alivua kofia akaiweka gotini.

LaRue alikwenda moja kwa moja kwenye nzito.

"Nyepesi," Thayne akasema. Hilo lilisikika vizuri.

"Baba, wewe maisha yako yote umetumia nzito."

Alivuta pumzi. Alikuwa anajikusanya kabla ya kila sentensi, kama mtu anayejiandaa kuruka mfereji. "Mimi," akasema, "nilianza nyepesi."

LaRue akairudisha ile kubwa, akachukua ya wakia ishirini na mbili. Alipiga kama watu wote wapigavyo mara ya kwanza, kwa bega, mkono umekakamaa, ameshika mpini karibu na kichwa cha nyundo. Msumari uliingia kwa shida. Thayne alitikisa kichwa. Akasema ashike chini. Akashika chini. Akasema alegeze. LaRue akauliza alegeze nini, kidole, kiwiko, au bega. Na hapo Thayne akafanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya: alitaka kumwonyesha. Niliona bega lake likisogea. Mkono haukufuata. Ulibaki pale pajani, kiganja kimetazama juu, na yeye akautazama kama unavyomtazama mbwa asiyeitika.

Basi akajaribu kwa maneno. Na alikuwa ameshachoka, na akichoka ulimi ulizidi kuharibika. Alisema sentensi ndefu kidogo. Hatukuielewa. LaRue alisogea dirishani, akamwomba arudie. Akarudia. Neno la mwisho lilianza kwa mdomo kufumbwa, kwa hiyo lilianza na herufi ya "m", hilo tuliliona. LaRue akaanza kukisia.

"Mpini?"

Akatikisa kichwa.

"Mkono. Msumari? Mbao?"

Akatikisa. Mimi nikasema mzigo, nikasema mlio, nikasema mgongo. Bi. Ostby akasema mwendo. Tulikuwa tumemzunguka watu wazima wote tukimtupia maneno, naye anakataa moja baada ya jingine, na kila akikataa anarudia lile lake, na kila akirudia linatoka baya zaidi. Bi. Ostby alikimbilia ndani akaja na penseli na karatasi, akaviweka magotini mwa Thayne, kisha akatambua alichofanya, akaviondoa taratibu bila kumtazama mtu.

Niliwahi kumwona shemeji yangu ameponda kidole mpaka ukucha ukatoka, hakutoa hata chozi. Siku ile machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta. LaRue aliyafuta kwa mkono wa shati lake. Thayne aliacha afutwe, kisha akasema tena ile sentensi, polepole, macho ameyakaza usoni mwa binti yake, neno kwa neno. Hatukuambulia kitu.

"Sijui, Baba," LaRue akasema. "Nasikia, lakini sielewi. Nisamehe."

Akarudi kwenye gogo. Alichukua ya kati, ya wakia ishirini na nane, akaishika chini, akalegeza alichoweza kulegeza, akapiga. Msumari ulikwenda. Akapiga tena, ukazama bila kupinda. Akasimamisha mwingine, huo nao ukazama. Akageuka, nyundo mkononi.

"Hii, Baba?"

Thayne aliitazama ile nyundo. Akamtazama LaRue. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, na mpaka leo sijui kilichokuwa usoni pale. Kisha akafumba macho. LaRue alingoja. Hakuyafumbua.

"Nifungie hii," LaRue akamwambia Bi. Ostby, kwa sauti ya baba yake kabisa, bila kujua.

Tulipokwisha kumwingiza ndani na Ardith akamlaza, LaRue alinifuata nje akaniuliza, "Mjomba, alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia sijui.

"Lakini umekaa naye kazini miaka yote hiyo."

"Najua nimekaa naye," nikasema. "Sijui alikuwa anasema nini."

Tukafanya kazi. LaRue alipindisha misumari, akajiponda vidole, akajifunza. Theluji ya kwanza ilitukuta paa likiwa nusu, na tulikuwa tukiifagia asubuhi kabla ya kupanda. Viazi vilipokwisha ghalani wanaume walirudi, wengine wakiwa na aibu kidogo, na mwisho wa Novemba paa lilifungwa. Tukaweka jiko la kuni. Kabla ya Krismasi tulimbeba Thayne kwenye kiti, mimi na LaRue, tukamwingiza katika nyumba yake.

Kuta zilikuwa bado hazijafunikwa upande wa ndani. Aliwekwa sebuleni kando ya jiko, na kutoka pale aliona mifupa yote ya nyumba, mbao na misumari. Ukuta uliomkabili ndio ule LaRue alioujenga mwanzoni kabisa, umejaa alama za nyundo iliyokosa, miraba midogo midogo kwenye mbao. Aliutazama kutwa. Kufikia wakati huo alikuwa haongei tena. Akipepesa macho ilikuwa ndiyo, akiyatuliza ilikuwa hapana. LaRue alijaribu kuitumia njia hiyo. Jioni, akishamlisha, alikaa chini mbele yake akayarudia maneno ya siku ile ya dukani, na mengine aliyoyafikiria kazini: mvuto, mshiko, mapigo, mpangilio. Kila mara macho yalitulia. Usiku mmoja akamwuliza kama bado anakumbuka alichotaka kusema. Macho yalitulia vile vile, na LaRue hakuweza kujua kama maana yake ni kwamba amesahau, au kwamba hataki kuulizwa tena. Aliacha kuuliza.

Thayne alifariki mwezi Machi, asubuhi, Ardith akiwa anamchana nywele. Maji yalikuwa hayajafunguliwa mferejini.

Dada yangu hakutaka ule ukuta wa sebuleni ufunikwe. Ulikaa hivyo majira yote ya kuchipua, baridi ikipenya, nasi hatukumsukuma. Kisha siku moja mwezi wa Juni alinipigia simu akasema njooni mmalize. Tulikwenda na LaRue, tukabandika mbao za kufunikia tangu juu hadi chini. Ardith alitoka nje akasimama kwenye ukingo wa mfereji, ametupa mgongo, akitazama maji, mpaka tulipomwita.